Promo ya uongo inamuumiza kwanza yule aliyefika jana

Mjini Beni na Butembo, neno «promo» halikosekani kwenye milango ya maduka. Linaandikwa juu ya kipande cha kartoni: bei ya zamani inakatwa kwa mstari, bei mpya inawekwa chini yake. Mpita njia anaona amepata bahati. Lakini nani aliona ile bei ya zamani ikiuzwa kweli?

Shida iko hapo. Kupunguza bei ni kusema jambo juu ya jana. Mkaaji wa mtaa anaweza kumjibu muuzaji: «Juma lililopita ulikuwa unauza bei hii hii.» Familia iliyokimbia vita na kufika juzi haina la kujibu, maana haikuwa hapa. Inaamini kartoni, inatoa pesa kidogo ya msaada iliyopokea, na inarudi ikifikiri imeokoa kitu.

Kuna pia promo inayozaliwa na dola. Kati ya Septemba na Oktoba 2025, dola moja ilishuka kutoka zaidi ya franga 2.800 hadi chini ya 2.500. Chukua mfano wa bido ya mafuta ya kupikia ya dola 10. Dola ikiwa 2.800, bido ni franga 28.000. Dola ikiwa 2.400, inapaswa kuwa 24.000. Muuzaji akiandika «promo: 26.000», mama anashukuru kwa 2.000 aliyopunguziwa, kumbe ametoa 2.000 zaidi. Muuzaji anaweza kusema aliagiza mali wakati dola ilikuwa juu na anaogopa hasara. Sawa, aseme hivyo waziwazi. Asiiite zawadi.

Wengi wanaona dawa ni amande kali. Sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na mashindano ya biashara inamwacha muuzaji apange bei yake mwenyewe. Uhuru huo si ruhusa ya kudanganya. Lakini je, amande peke yake inatosha?

Ufaransa inatoa somo. Mwezi wa Julai 2025, serikali ya kule ilitangaza amande ya euro milioni 40 kwa Shein, kampuni kubwa inayouza nguo kwa intaneti. Wakaguzi walichunguza maelfu ya matangazo yake ya kupunguza bei. Katika 57 kwa mia, bei haikuwa imepungua hata kidogo. Katika 11 kwa mia, bei ilikuwa imepanda. Milioni 40 ni pesa nyingi, lakini kwa kampuni inayouza kwa mabilioni ya dola kila mwaka, ni gharama ya kazi kama kodi ya nyumba. Tena pesa hiyo inaingia kwa serikali, haimrudii mnunuzi aliyedanganywa.

Ikiwa ni hivyo mahali penye wakaguzi wa kutosha, itakuwaje katika soko ambamo mkaguzi anapita mara moja, muuzaji anamtolea kitu mkononi bila karatasi, na kesho anaongeza kiasi hicho juu ya bei? Hapo amande inalipwa na mnunuzi.

Adhabu inaogopesha kama inapita faida ya uongo, na kama muuzaji anajua hakika atakamatwa. Ili akamatwe, lazima bei ya jana ijulikane. Katika Umoja wa Ulaya, muuzaji anayetangaza amepunguza bei anatakiwa kuonyesha bei ya chini kabisa aliyouzia katika siku 30 zilizotangulia. Ni kwa kanuni hiyo wakaguzi waliweza kulinganisha.

Huku, jambo hilo halihitaji ofisi kubwa. Kamati ya soko iandike kila juma bei ya unga, maharagwe, mchele, mafuta na chumvi juu ya ubao mlangoni, pamoja na bei ya dola ya siku ile. Redio za mtaa zizisome hewani. Mashirika yanayogawa pesa yawape wakimbizi orodha hiyo siku ile ile ya kugawa. Na muuzaji akishikwa na promo ya uongo, kabla ya amande yoyote, amrudishie mnunuzi pesa aliyozidisha, mbele ya watu.

Wauzaji wa kweli hawatapoteza kitu. Wao ndio wanaokimbiwa na wateja kila mara jirani yao anapoandika uongo juu ya kartoni.