Kiti kilichotoka ndani ya bakuli

Mnamo tarehe 4 Januari 2018, katika mji wa Richmond, makao makuu ya jimbo la Virginia nchini Marekani, mwenyekiti wa Bodi ya Uchaguzi ya jimbo hilo aliingiza mkono ndani ya bakuli la kauri lililoazimwa kutoka jumba la makumbusho ya sanaa. Bakulini mlikuwa na vikopo viwili, vile tulivyovizoea zamani vya kuhifadhia filamu za kamera, na ndani ya kila kikopo kijikaratasi chenye jina la mtu mmoja. Jina lililotoka lilikuwa la Bwana David Yancey wa chama cha Republican. Kwa kitendo hicho, ambacho hakikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai, Bwana Yancey akarejea bungeni, Bi. Shelly Simonds wa chama cha Democratic akarudi nyumbani mikono mitupu, na chama cha Republican kikabaki na viti 51 dhidi ya 49 katika Baraza la Wajumbe la Virginia.

Dunia ilicheka. Nchi inayojitwika kazi ya kuwafundisha wengine demokrasia ilikuwa ikigawa viti vya bunge kwa mtindo wa watoto wanaopigia kura andazi la mwisho. Mimi sicheki. Nimeifuatilia habari ya kiti kile tangu mwanzo hadi mwisho, na ninashikilia kwamba bakuli lile ndilo lililokuwa na haki kuliko karibu kila kitu kingine kilichowahi kuamua nani akikalie.

Inafaa msomaji afahamu kwanza kiti chenyewe kilikuwa cha namna gani. Hiki si kiti cha Kongresi ya Washington. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na Baraza la Wajumbe la Virginia lina wajumbe 100 wanaochaguliwa kila baada ya miaka miwili. Mshahara wao ni dola 17,640 kwa mwaka, na vikao vyao vya kawaida huchukua wiki chache tu, basi kila mmoja hurudi kwenye duka lake, shamba lake au ofisi yake. (Waheshimiwa wetu wa Nairobi wakisoma kiasi hicho watadhani mchapishaji amesahau sifuri moja au mbili.) Eneo la 94 lilikuwa katika mji wa Newport News, mji wa bandari ambako hujengwa manowari zile kubwa zinazobeba ndege za kivita. Ni mji wa mafundi wa vyuma, wanajeshi, walimu na wahandisi, Weusi kwa Weupe, na eneo hilo halikuwa ngome ya yeyote.

Bwana Yancey alikichukua kiti hicho mwaka 2011. Mwaka 2015 Bi. Simonds, aliyekuwa mwalimu na mwanachama wa bodi ya elimu ya mji, alijaribu kumng'oa akashindwa waziwazi. Mwaka 2017 alirudi tena. Safari hii upepo ulikuwa umegeuka: Donald Trump alikuwa amekaa Ikulu kwa miezi kumi, na watu wa Virginia ambao hawakumpenda walisubiri uchaguzi wowote utakaotangulia ili waonyeshe ghadhabu zao. Uchaguzi huo ulikuwa wa tarehe 7 Novemba. Chama cha Republican, kilichokuwa na viti 66, kilipoteza viti 15 kwa usiku mmoja.

Katika Newport News hesabu ya kwanza ilimpa Bwana Yancey ushindi wa kura 10. Zikahesabiwa upya tarehe 19 Desemba, na sasa Bi. Simonds akawa ameshinda kwa kura moja: 11,608 kwa 11,607. Wafuasi wake walisherehekea usiku kucha. Kesho yake jopo la majaji watatu likaletewa karatasi moja ya kura iliyokuwa imewekwa kando, na hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Karatasi hiyo naomba tuitazame kwa makini. Mpiga kura alikuwa ametia wino katika kiduara cha Yancey, akatia wino katika kiduara cha Simonds pia, kisha akapiga mstari juu ya alama ya Simonds. Waliohesabu waliiona kuwa kura iliyoharibika. Mawakili wa Bwana Yancey walisema la hasha, mtu huyu alikosea, akafuta kosa lake, na tazameni, katika nafasi nyingine amewachagua Warepublican. Majaji wakakubali. Kura ikawa ya Yancey, na hesabu ikawa 11,608 kwa 11,608.

Je, walifanya haki? Msomaji anaweza kuukodolea macho mstari ule mchana kutwa asipate jibu. Aliyeupiga yuko hai pengine, anaamka asubuhi na kwenda kazini, na ndiye pekee ajuaye alimaanisha nini. Lakini kura ni siri, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumtafuta amwulize. Hapa kwetu mwaka 1988, wakati wa kupiga kura kwa mlolongo, angeweza kuulizwa pale pale mstarini, mbele ya chifu na majirani. Nasi tunakumbuka jinsi milolongo mifupi ilivyotangazwa kuwa imeishinda milolongo mirefu. Kati ya karatasi isiyosomeka na mlolongo unaosomeka na kila mtu, mimi nachagua karatasi, hata ikiwa itatupeleka kwenye bakuli. Angalau bakuli halikujua ni nani aliyekuwa akilishika.

Bi. Simonds aliiomba mahakama ifikirie upya, ikakataa, kura ya bahati ikapigwa, na tarehe 10 Januari, siku bunge lilipofunguliwa, akakubali kushindwa.

Sasa tufike kwenye mambo ambayo wachekaji hawakuyangoja. Kwa miaka minne gavana aliyetangulia, Terry McAuliffe, aliliomba bunge lile lipanue mpango wa bima ya afya kwa watu wa kipato cha chini, uitwao Medicaid, ili uwafikie watu wapatao laki nne zaidi. Sehemu kubwa ya fedha ingetoka kwa serikali ya Washington. Chama cha Republican, kikiwa kimestarehe na viti vyake 66, kilikataa mwaka baada ya mwaka. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwanasiasa mwenye kiti kisichotikisika ni mgema wa namna hiyo. Mwaka 2018, chama kilekile, kikiwa na viti 51 na donda bichi la Novemba, kilitoa wajumbe 19 waliovuka upande na kuunga mkono mpango huo. Bwana Yancey alikuwa miongoni mwao. Gavana mpya, Ralph Northam, aliutia saini mwezi wa Juni, na tangu tarehe 1 Januari 2019 watu waliokuwa wakiugulia nyumbani kwa kukosa fedha wakaanza kutibiwa.

Sisemi kwamba Bwana Yancey aliongoka kwa hofu tu. Siwezi kuingia moyoni mwake. Nasema kwamba mtu aliyepata kiti kwa kikopo cha filamu hawezi kujidanganya kwamba watu wa eneo lake wote ni wake. Zaidi ya nusu ya waliopiga kura hawakumchagua, na alijua idadi yao hadi mtu wa mwisho.

Ujasiri wa aina hiyo una gharama yake. Mwenzake Bob Thomas, aliyeshinda eneo la 28 kwa kura 73 mwaka huohuo, katika uchaguzi ambamo wapiga kura zaidi ya 100 walikuwa wamepewa karatasi zisizo za eneo lao, naye aliunga mkono bima hiyo. Mwezi Juni 2019 wanachama wa chama chake walimwadhibu katika kura ya mchujo wakamweka mwingine. Novemba ilipofika, huyo mwingine akashindwa na Joshua Cole wa Democratic, yuleyule aliyekuwa amekosa kwa kura 73. Mbunge wa kiti kinachotikisika ana mabwana wawili, wapiga kura wote wa eneo lake na wanachama wakali wa chama chake, na mara nyingi mabwana hao hawaongei lugha moja.

Na Bwana Yancey? Yeye hakuangushwa na wanachama wake. Kilichomwondoa ni ramani.

Maeneo yale ya Virginia yalikuwa yamechorwa mwaka 2011 na wabunge wenyewe. Warepublican walitawala Baraza la Wajumbe, kwa hiyo walilichorea baraza hilo. Wademocratic walitawala Seneti ya jimbo, nao wakaichorea Seneti. Kila upande ukaukubalia mwingine, kama majirani wawili wanaosogeza ua usiku huku kila mmoja akitazama kando. Mwaka 2018 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba maeneo 11 ya Baraza la Wajumbe yalichorwa kwa ubaguzi wa rangi: Weusi walikuwa wamerundikwa pamoja ili kura zao zisipate uzito katika maeneo jirani. Mtaalamu akateuliwa kuchora upya, na mwezi Juni 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupilia mbali rufani ya Warepublican. Ukigusa maeneo 11 huna budi kuyagusa yanayoyazunguka, na eneo la 94 lilikuwa mojawapo ya hayo. Mitaa ikahama huku na huku.

Novemba 2019 wagombea wawili walewale wakakutana kwa mara ya tatu. Bi. Simonds alishinda waziwazi, bila jaji wala bakuli, na chama chake kikapata viti 55. Amekishikilia kiti chake tangu hapo, hata baada ya mwaka 2021, mipaka ilipochorwa tena na eneo lake baadaye kuitwa la 70.

Naomba msomaji alipime jambo hili. Mwaka 2017 Bwana Northam alipata ugavana kwa tofauti ya karibu asilimia 9 katika jimbo zima, kura zilizopigwa siku ileile na watu walewale, na bado chama chake kikakosa wingi bungeni. Ni kweli kwamba sehemu ya tofauti hiyo inatokana na Wademocratic kupenda kuishi wakiwa wamebanana mijini, na si kila dosari ya hesabu ni hila ya mtu. Lakini sehemu nyingine ilichorwa kwa kalamu miaka sita kabla ya mtu yeyote kupanga foleni ya kupiga kura. Waandishi wa dunia nzima waliikimbilia Richmond kupiga picha ya bakuli. Sijui kama hata mmoja alitumwa mwaka 2011 kuipiga picha kalamu.

Sisi Wakenya hatuna haki ya kulitazama hili kama sinema ya kigeni. Mwaka 1992 Mzee Moi alipata takriban asilimia 36 ya kura za urais, na KANU ikatoka na viti 100 kati ya 188. Upinzani uliogawanyika ulichangia pakubwa, lakini ramani nayo ilifanya kazi yake, kwa kuwa eneo lenye watu wachache wa chama tawala lilikuwa na mbunge mmoja sawasawa na mtaa wa Nairobi uliofurika. Katiba ya 2010 ilikusudia kuyaponya hayo. Kifungu cha 89 kinataka mipaka ya maeneo bunge 290 ipitiwe katika muda usiopungua miaka 8 wala kuzidi miaka 12, na idadi ya watu isitofautiane na wastani kwa zaidi ya asilimia 30, au asilimia 40 kwa miji na sehemu zenye watu wachache. Mapitio ya mwisho yalikuwa ya 2012. Machi 2024 ikapita huku Tume ya Uchaguzi na Mipaka ikiwa haina kamishna hata mmoja wa kukaa mezani, maana wa mwisho walikuwa wameondoka zaidi ya mwaka mmoja kabla, na waliowafuata hawakuapishwa hadi Julai 2025.

Tofauti yenyewe si ndogo. Katika sensa ya 2019, Lamu Mashariki ilikuwa na watu wapatao 22,000 na Ruiru zaidi ya 370,000. Wastani wa nchi ulikuwa kama 164,000. Najua hoja ya watu wa Lamu, na naiheshimu: mtu wa Faza au Kiunga akimtaka mbunge wake hupanda mashua, na visiwa vile vikiunganishwa na bara sauti yao itazama. Waliosahauliwa na barabara na hospitali wasisahauliwe na Bunge pia. Lakini mkazi wa Ruiru naye anauliza kwa nini kura yake iwe na uzito mdogo zaidi ya mara kumi na sita, na hakuna kiongozi anayethubutu kumjibu hadharani, kwa sababu kila jibu lina kiti cha mtu ndani yake.

Ndiyo maana nataka tume itoe ramani zake za mwanzo mapema, kata kwa kata, ili watu wa kila eneo wazisome kabla hazijakauka wino. Waheshimiwa wataanza kupishana katika milango ya tume wakidai kata hii iende huku na ile ibaki kule, kila mmoja akiapa kwamba anawatetea wananchi wake. Swali la kumwuliza kila mmoja wao ni jepesi: kata unayotaka iondolewe, ilikupa kura ngapi mara ya mwisho?