Kanisa lisilomjua mtu haliwezi kumkuza

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika kila Wakenya 100, zaidi ya 80 hujitambulisha kuwa Wakristo. Ni idadi ambayo viongozi wa dini hupenda kuitaja, hasa wanapozungumza na wanasiasa. Hata hivyo, kuhesabiwa ni jambo moja na kukua ni jambo jingine. Miche ya mahindi huhesabika tangu siku inapochipua, lakini hakuna mkulima aliyejaza ghala kwa kuhesabu miche. Yafaa basi tujiulize: miongoni mwa mamilioni hayo, ni wangapi walio na mtu kanisani anayewajua kwa jina, awezaye kutambua imani yao inapokua na kushtuka inaponyauka?

Mchukue kijana aliyetoka Vihiga au Makueni akaja Nairobi kutafuta kazi. Kwao, mzee wa kanisa alimjua tangu ubatizo. Akikosa ibada Jumapili mbili mfululizo, mama mmoja wa kwaya angemsimamisha njiani na kumuuliza kulikoni. Mjini anapata hema kubwa, vipaza sauti vinavyotikisa kifua, na mhubiri anayemwona kwa mbali au kwenye skrini tu. Huketi safu ya nyuma, hutuma sadaka kwa simu, hupanda matatu akarudi chumbani kwake. Tangu maabadi yalipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wengi kama yeye wamezoea hata kutotoka nyumbani, kwa kuwa ibada huwafuata simuni. Kijana huyo akifutwa kazi, au akilazwa hospitalini, au akianza kuzama katika pombe, hakuna wa kumuulizia. Kiti chake kitakaliwa na mwingine, na ibada itaendelea. Wahenga walinena kwamba asiyekujua hakuthamini.

Sisemi kwamba umati ni dhambi. Ibada ya watu wengi hutia moyo, na mwenye majonzi huinuliwa na nyimbo za wenzake hata kama hawamjui. Ninachosema ni kwamba umati hauwezi kumlea mtu. Tusidhani kuwa kukua kiroho ni kukariri aya nyingi, wala kupaza sauti katika maombi. Ni hasira inayopungua mwaka hadi mwaka. Ni mtu kulipa deni alilokuwa akilikwepa, kukataa hongo aliyokuwa akiipokea, na kusamehe ndugu waliyegombana naye juu ya shamba la baba yao. Mambo haya hayaonekani jukwaani. Huonwa na walio karibu, na walio karibu ndio pekee wawezao kumwambia mtu ukweli kuhusu nafsi yake. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania aliwakemea waumini ambao muda wao wa kuwa walimu ulikuwa umefika, ilhali bado walihitaji kunyweshwa maziwa kama watoto. Mtoto asiye na mlezi atawezaje kuachishwa maziwa?

Jambo hili si geni kwetu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuenea katika miaka ya 1930, ulikuwa umefika Kenya kufikia mwaka 1937. Nguvu yake haikuwa majengo. Watu wa kawaida, wakulima, walimu na akina mama wa nyumbani, walikutana katika vikundi vidogo, wakaungama makosa yao mbele ya wenzao na kuitana ndugu bila kujali kabila. Ilipotangazwa Hali ya Hatari mwaka 1952, wengi wa ndugu hao katika eneo la Kati walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengine wakakataa pia kushika bunduki za serikali ya kikoloni. Wapo waliouawa kwa ajili ya msimamo huo. Msomaji anaweza kuafikiana nao au kutoafikiana nao katika siasa za wakati ule. Lakini ni vigumu kuamini kwamba watu wa kawaida wangesimama hivyo kama kila mmoja angekuwa peke yake, bila ndugu wa kumshika mkono.

Kanisa Katoliki nalo lilifikia uamuzi unaokaribiana na huo kwa njia yake. Maaskofu wa Afrika Mashariki wa shirika la AMECEA walipokutana Nairobi mwaka 1976, walikubaliana kwamba kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwe jukumu la mbele katika kazi yao. Walitambua kwamba parokia yenye maelfu ya waumini na mapadre wawili haiwezi kumfikia kila mtu. Familia chache za jirani zikutane nyumbani kwa mmoja wao, zisome Injili, ziombe, na zijuliane hali.

Hata historia ya makanisa ya Kiafrika yaliyojitenga na misheni hutufunza hayo hayo. Zakayo Kivuli alianzisha African Israel Church Nineveh mwaka 1942, na Matthew Ajuoga akaongoza kanisa ambalo wafuasi wake waliitwa JoHera, yaani watu wa upendo, mwaka 1957. Wasomi F.B. Welbourn na Bethwell Ogot walipoyachunguza makanisa hayo mawili na kutoa kitabu mwaka 1966, walikipa kichwa kinachozungumzia mahali ambapo mtu hujihisi yuko kwao. Watu hao hawakuondoka kwa kupenda ukaidi. Walitafuta nyumba ambamo wangeitwa wana, wala si wageni wa kudumu.

Je, urithi huo tumeutunza? Naogopa kwamba mahali pengi umebaki jina tu. Kuna jumuiya ambazo mikutano yake imegeuka kuwa ya michango: leo paa la kanisa, kesho gari la padre, kesho kutwa sherehe ya askofu. Kwingine wanaohudhuria ni akina mama na wazee, huku wanaume na vijana wakisubiri hadi wanapotaka kufunga ndoa au kubatiza mtoto, ndipo wanapokumbuka kwamba wanahitaji kutambuliwa na jumuiya. Isitoshe, kipaimara kimekuwa kama cheti cha kumaliza shule. Kijana akishakipokea, hufunga kitabu cha katekisimu, na imani aliyofundishwa akiwa na umri wa miaka 14 ndiyo anayotegemea kuikabili ndoa, ukosefu wa kazi na kifo cha mzazi. Ni sawa na mtu mzima anayejaribu kuvaa viatu vya utotoni.

Wapo watakaonijibu kwamba vikundi vidogo ni viota vya umbea. Watasema kwamba siri iliyoungamwa usiku husikika sokoni asubuhi, na kwamba baadhi ya waliojiita waliookoka waligeuka mahakimu wa wenzao. Pingamizi hilo lina uzito. Kuna waliokimbilia umati wa mjini kwa sababu walijeruhiwa na uchache wa kijijini, na haifai kuwalaumu kwa kutafuta mahali pa kupumua. Lakini dawa ya nyumba yenye ugomvi si kulala nje. Dawa ni kuitengeneza, na kumfunza kila aingiaye kwamba kuaminiwa siri ya mwenzako ni amana.

Liko pia jeraha kubwa zaidi, ambalo taifa hili halijalisahau. Mwezi Aprili 2023, serikali ilianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilipatikana, mingi ikiwa ya watoto. Ya nani ana hatia tuwaachie mahakimu. Lakini Wakristo hawawezi kukwepa swali hili: watu wale walikosa nini? Hawakukosa mahali pa kuwa. Waliacha kazi, wakawatoa watoto shuleni, wakaacha jamaa zao, wakahamia pamoja porini. Walikuwa na undugu uliowafunika kabisa, hata pasiwe na mlango wa kutokea wala ruhusa ya kuuliza. Palipokosekana swali, njaa iliitwa ibada.

Kwa hivyo, kuwa mahali na kukua ni lazima viende sanjari. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinawasifu watu wa Beroya kwa sababu hawakuridhika kumsikiliza Paulo tu, bali walichunguza Maandiko kila siku ili wajue kama aliyoyasema yalikuwa kweli. Ikiwa maneno ya mtume yalichunguzwa, ni mchungaji gani wa leo aliye juu ya kuulizwa? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mhubiri asiyeulizwa hatimaye hujihubiri mwenyewe.

Napendekeza mizani miwili ambayo kila muumini aweza kulipimia kanisa lake. Kwanza: nisipoonekana kwa mwezi mmoja, nani ataniulizia? Pili: nikiuliza swali gumu kuhusu mafundisho au kuhusu pesa za sadaka, nitajibiwa au nitaambiwa nina pepo? Kanisa likishindwa katika swali la kwanza, wewe ni mtazamaji tu. Likishindwa katika la pili, wewe ni mateka. Likipita yote mawili, kaa hapo, hata kama paa lake ni la mabati na kwaya yake haina vinanda.

Wachungaji wenye makutano makubwa wana wajibu wa kuyagawa katika vikundi ambavyo kila jina lina uso, na kuwafunza viongozi wa vikundi hivyo kutunza siri na kupokea maswali. Parokia zingefaa kuirudishia jumuiya kazi yake ya kwanza, michango ije baadaye. Makanisa ya mashambani nayo yasitosheke kumwandikia kijana barua anapohamia mjini. Yamtafutie huko mtu wa kumpokea, jinsi tunavyomtafutia mtoto jamaa wa kukaa naye anapoenda shule ya mbali.

Nawe msomaji uliyezoea kuketi safu ya nyuma, usingoje kutafutwa. Jumapili ijayo, kabla hujakimbilia matatu, mgeukie aliyeketi kando yako umuulize anaitwa nani na anaishi wapi. Huenda naye amekaa hapo miaka mitatu akisubiri kuulizwa.