Kuandikishwa Si Kufundishwa

Twasikia neno likisemwa kwa majivuno katika vikao vya wazazi: "Kijijini kwetu hakuna mtoto mwenye ulemavu aliyebaki nyumbani, wote wameandikishwa shuleni." Neno hili ni jema masikioni, maana zamani wengi walifichwa ndani. Lakini sisi tulio walimu twasema kwamba kuandikishwa si kufundishwa, wala dawati si elimu.

Mtazameni mtoto kiziwi aliyewekwa katika darasa la wanaosikia, na mwalimu wake hajui hata alama moja. Aona midomo ikicheza. Wenzake wakisimama, naye husimama. Wakiandika, naye hunakili. Daftari lake huwa safi kuliko yote, hata mkaguzi akalisifu. Baada ya miaka saba aweza kuchora maneno vizuri sana, na maana yake haijui. Huyo hakukaa shuleni. Alikaa karibu na shule. Tena hasara yake si ya hesabu na jiografia tu. Mtoto anayesikia aja darasa la kwanza na lugha aliyoipata bure kwa mama yake. Kiziwi aliyezaliwa na wazazi wanaosikia mara nyingi huja bila lugha yo yote iliyo kamili. Kwake yeye, shule yenye lugha ya alama ndiyo mahali pa kwanza atakapozungumza na mtu.

Wapo wanaotujibu kwamba mataifa yalikwisha kata shauri huko Salamanca, Hispania, mwaka 1994, ya kuwa watoto wote wasome pamoja. Na wausome waraka ule wote! Humo humo imeandikwa kwamba viziwi, na wale wasiosikia wala kuona, kwa sababu ya namna yao ya kuwasiliana, shule au madarasa yao wenyewe yaweza kuwafaa zaidi. Wala si mara ya kwanza wanaosikia kuwaamulia viziwi. Mkutano wa walimu wao uliofanyika Milano mwaka 1880 uliamua kwamba wafundishwe kwa kusema kwa mdomo, na mikono ya watoto ikanyamazishwa katika shule nyingi za Ulaya na Marekani. Maazimio hayo yalikuja kukataliwa na mkutano wa namna ile ile uliokutana Vancouver mwaka 2010. Miaka 130! Vizazi vingapi vilipita hapo?

Walakini msidhani twataka kila mwenye ulemavu apelekwe mbali. Hilo nalo ni kosa, na limewaumiza hasa watoto wenye ualbino. Wengi wao huona, ila si kwa mbali, na mwanga mkali huwasumbua. Mtoto wa namna hiyo akipewa miwani, kofia, maandishi makubwa, na kiti cha mbele kisichopigwa na jua la dirishani, aweza kusoma pamoja na watoto wa jirani. Lakini wako waliopelekwa shule za wasioona wakafundishwa nukta nundu kwa vidole, na macho wanayo. Mauaji yalipozidi, miaka ya 2007 na 2008, serikali ikawakusanya wengi mahali kama Buhangija, Shinyanga, wapate usalama. Kuokoa maisha kulikuwa lazima, hatubishi. Lakini wazazi wengine hawakurudi kuwatazama, na ngome ikageuka kuwa kwao.

Basi, mtoto apimwe kwanza, ndipo shule itafutwe. Si kila aitwaye mzito ni mzito: wengine masikio yatoa usaha, nao hutibiwa, wengine wahitaji miwani tu. Na ikiwa kweli haoni, au kweli hasikii, shule zipo: Buigiri yafundisha wasioona tangu mwaka 1950, na Tabora yafundisha viziwi tangu 1963. Mwasema nauli ni ghali. Ni kweli; lakini mbona harusi huchangiwa na kijiji kizima?

Nawe mzazi, mwalimu mkuu akikuambia, "Mlete tu, tutamsaidia," usiondoke. Mwulize: ni nani atakayemsaidia, kwa lugha gani, na kwa kitabu kipi? Akikosa jibu, mwombe barua ya kwenda kwa afisa wa elimu maalumu wa wilaya, uende nayo kabla shule hazijafunguliwa.