Mlima Kenya Si Shamba la Waziri



Nabothi aliuawa kwa ajili ya shamba la mizabibu, nazo barua za kumwangamiza zilitiwa muhuri wa mfalme Ahabu. Hapa kwetu muhuri wa namna hiyo ulikuwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Msitu wa Mlima Kenya ulitengwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Hata hivyo, chini ya Sheria ya Misitu ya zamani, waziri mmoja aliweza kuumega kwa ilani ya siku 28, bila idhini ya Bunge. Mwaka 1999 uchunguzi uliofanywa kutoka angani ulifichua ukataji haramu wa miti, uchomaji wa makaa na mashamba ya bangi humo msituni. Mwaka 2001 serikali ikatangaza kusudio la kuondoa takriban hekta 67,000 za misitu ya taifa, sehemu ya mlima huu ikiwamo. Tukaambiwa ni kwa ajili ya maskini wasio na ardhi. Tunauliza: ni maskini yupi mwenye lori la kubebea magogo?

Mto Tana, unaozungusha mitambo yetu ya umeme, na Ewaso Ng'iro, unaonywesha mifugo ya kaskazini, hupokea maji ya mlima huo. Anayeumega msitu humega riziki ya watu ambao hajapata kuwaona.

Kifungu cha 2A kilipofutwa mwaka 1991, hatukuwa tumepigania vyama vingi ili wanyakuzi wabadilishe majina ya vyama vyao. Tulitaka mamlaka ya mtu mmoja yafungwe kamba. Leo kamba ipo. Katiba ya 2010, ibara ya 62, inaihesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma. Nayo sheria ya mwaka 2016 inataka ombi la kubadili mipaka lipelekwe Bunge la Taifa au Seneti.

Lakini kamba isiyoshikwa haifungi kitu. Kwa hiyo tunawasihi: kila parokia na kila kikundi kimteue msomaji wa Gazeti Rasmi. Akiona mpaka unaguswa, apige mbiu. Ibara ya 70 inamruhusu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.

Nabothi alikuwa peke yake. Sisi tu wengi. Tukinyamaza, hatutakuwa na udhuru.