Kupunguziwa si Kutibiwa

Ipo dhuluma isiyopiga kelele. Mgonjwa wa pumu hufika zahanati kifua kikilia, hupewa dawa ya kufungua njia ya hewa, hupata nafuu, na hurudi nyumbani akishukuru. Baada ya wiki chache yupo tena mlangoni. Hatimaye hupelekwa hospitali usiku kwa gari la kukodi, na fedha zilizowekwa kwa ajili ya mbegu huishia njiani. Watu husema ni bahati mbaya. Sisi twasema ni matunda ya cheti cha dawa kilichoandikwa nusu.

Kiini cha pumu ni uvimbe ndani ya njia za hewa. Salbutamol, ile inhela ambayo mara nyingi ni ya buluu, hulegeza misuli inayobana njia hizo kwa saa 4 hadi 6 hivi. Uvimbe wenyewe haiugusi. Inayoutuliza ni dawa nyingine, steroidi ya kuvuta kama beclometasone au budesonide, ambayo kwa kawaida hutumiwa kila siku hata mgonjwa akijiona mzima. Kumpa mtu ile ya kwanza na kumnyima hii ya pili ni kufua maji mtumbwini bila kuziba tundu.

Wala hatubuni. Nchini Uingereza, ambako dawa hizo zote mbili zapatikana, vifo 195 vya pumu vilichunguzwa na taarifa yake ikatolewa mwaka 2014. Kati ya marehemu waliokuwa wakitumia dawa ya nafuu, na ambao idadi ya inhela zao ilijulikana, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 katika mwaka wao wa mwisho. Inhela moja huwa na mipulizo 200. Kumi na mbili ni zaidi ya mipulizo 6 kila siku ya Mungu. Kila cheti kilikuwa kilio cha kuomba msaada, nacho kikajibiwa kwa inhela nyingine! Huko Sweden, utafiti uliotolewa mwaka 2020 juu ya wagonjwa zaidi ya 365,000 ulionyesha kuwa waliochukua inhela hizo 3 au zaidi kwa mwaka walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa na ya kufa.

Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA haukubali tena mtu mzima au kijana atibiwe kwa salbutamol peke yake. Lakini katika zahanati zetu nyingi za vijijini mgonjwa bado hupewa hiyo tu, tena pengine ya vidonge, vinavyochelewa kufanya kazi na kuutetemesha mwili.

Tutaambiwa kwamba dawa ya kuzuia ni ghali. Ghali kwa nani? Finland iliendesha mpango wake wa pumu kuanzia 1994 hadi 2004, ikasisitiza kuutibu uvimbe mapema, na siku za wagonjwa kulazwa zikapungua kwa zaidi ya nusu. Kitanda cha hospitali nacho kina bei, ila kwa mnyonge bei hiyo haiandikwi popote.

Tutaambiwa pia kwamba watu wetu wanaogopa inhela, ati humzoesha mtu. Nani amewahi kukaa nao akawaeleza? Hata mtoto asiyeweza kuivuta vema husaidiwa na chupa tupu ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni. Watafiti wa Cape Town walilithibitisha jambo hilo mwaka 1999.

Basi asiwepo wa kuitupa inhela ya buluu, maana wakati wa kubanwa huokoa maisha. Tunachodai ni kwamba kamati zinazosimamia zahanati zikague rafu na kuagiza dawa ya kuzuia pamoja na ile ya nafuu, na kwamba kila mgonjwa anayefuata inhela ya tatu ndani ya mwaka mmoja aulizwe kwanza: ile ya kuzuia unayo?