Ramani ya Marubani Ianzie Kwenye Minara Yetu
Na Gerase Bukuru

Rubani wa ndege ndogo anayeruka kwa kutazama ardhi hulinganisha kila mara mto, barabara na kilima anachokiona na kile kilichochorwa kwenye ramani. Kwa miongo mingi, ramani za kazi hiyo huku kwetu Kigoma zilikuwa zile zilizochapwa na idara ya ulinzi ya Marekani, nyingine kwa kipimo cha 1:1,000,000. Ramani iliyochorwa kabla ya mwaka 1996 haina kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambayo kwa aliye angani ni alama kubwa kuliko miji yetu mingi. Haina lami ya Kabingo–Kasulu–Manyovu. Haina pia minara ya simu, na hiyo ndiyo inayonitia hofu zaidi.

Uwanja wa Kigoma uko karibu mita 820 juu ya usawa wa bahari. Vilele vya huku Manyovu vinapita mita 1,500. Msimu wa mvua wingu hukaa juu ya migongo ya milima, na rubani anayetaka kuendelea kuiona ardhi hulazimika kushuka. Anashukia palepale tulipoisimamisha minara, kwa sababu kampuni za simu hutafuta kilima kirefu kuliko vyote.

Ulaya, marubani hawakusubiri. Kupitia open flightmaps, watu wa kujitolea husoma taarifa rasmi za nchi zao, huzichora, kisha hutoa ramani bure kwa kufuata mzunguko wa siku 28 ambao ulimwengu mzima hutumia kubadilisha taarifa za anga. Sisi tunaweza pia. Miinuko imekwisha kupimwa: chombo cha anga za juu cha Endeavour kiliipima kwa rada Februari 2000, na mwaka 2014 vipimo vya kina zaidi vya Afrika vikafunguliwa kwa yeyote. Watu tunao. Mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam wakachora mitaa inayofurika, nyumba kwa nyumba, mtaro kwa mtaro.

Nitaambiwa kosa moja la ramani huua. Ni kweli, na siombi mwanakijiji achore mipaka ya anga, hasa hapa ambapo Burundi iko ng'ambo ya kilima. Mipaka na masafa ya redio yatoke Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, peke yake. Wala hali ya kiwanja cha Kibondo baada ya mvua ya jana si kazi ya ramani. Hiyo rubani aulize kwa simu kabla ya kuruka. Lakini mnara hauhami. Mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kuufikia kwa miguu, wakachukua majira-nukta yake kwa simu, wakaupiga picha, na mtu wa pili akahakiki kabla haujaingia kwenye ramani.

Urefu wa mnara TCAA inao, maana ndiyo inayotoa vibali vya minara hiyo. Naiomba iiweke wazi orodha ya vibali hivyo, na halmashauri za Buhigwe, Kasulu na Kibondo zikague kilima kwa kilima kama kilichoandikwa ndicho kilichosimama. Madaktari wa shirika la afya la AMREF wamekuwa wakiruka Afrika Mashariki tangu 1957. Ndege inayomfuata mama aliyeshindwa kujifungua haiwezi kungoja wingu lipande.