Safari Iliyobaki Baada ya Hija



Mwaka jana akina mama kadhaa wa Busale tulipanda kwa miguu mpaka Rungwe, kwenye misheni iliyoanzishwa na Wamoravian mwaka 1891. Tulikwenda siku mbili tukiimba, tukakesha katika maombi, kisha tukateremka. Wapo wanaotembea siku nyingi kutoka Kenya mpaka Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi, tarehe 3 Juni. Hija yetu ilikuwa fupi, lakini malengelenge hayakujua hilo!

Tulipofika nyumbani wenzangu wakasema, "Mama, kesho twende Matema tukaoshe miguu ziwani." Nikatoa udhuru: mpunga, wajukuu, nauli. Ukweli ulikuwa mwingine. Matema anaishi wifi yangu. Tangu mama mkwe afariki, miaka minne, hatukuwa tumesemezana. Sababu ni kipande cha shamba, na neno baya nililomwambia msibani.

Usiku ule nilikanda miguu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. (Malengelenge usiyatumbue, mama, yafunike kwa kitambaa safi.) Nikakumbuka Mathayo sura ya 5: mwenye kuleta sadaka aiache mbele ya madhabahu, akapatane kwanza na ndugu yake. Mimi niliipeleka sadaka mlimani kwanza, ndugu nikamwacha bondeni!

Asubuhi tulipanda gari kupitia Ipinda. Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko la vyungu Lyulilo, jirani na Matema. Akina mama wa Kikisi huvileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, chini ya milima ya Livingstone. Wenzangu waliingia majini wakicheka kama wasichana. Mimi nilimwona wifi akichagua chungu. Naye aliniona nikichechemea.

"Wifi, miguu ina nini?"

"Nimetoka Rungwe kuomba," nikajibu. "Lakini wa kumwomba radhi ni wewe. Neno lile la msibani, nisamehe."

Alikaa kimya muda mrefu, akigonga chungu kwa kidole kusikiliza kama kina ufa. Hatimaye akasema, "Mambo ya shamba tutayapeleka kwa wazee. Sasa njoo ule."

Tulikula wali na samaki kwake. Siwezi kusema yote yamekwisha. Shamba bado lina mazungumzo. Lakini siku hizi tunasalimiana, na mwezi uliopita alinitumia usipa.

Mama mpendwa, kutembea kwenda kuomba ni jambo jema. Kupumzika ufukweni baada ya uchovu pia si dhambi. Hata Bwana aliwaita wanafunzi wake wapumzike. Ila ukifika nyumbani, kabla hujaning'iniza mkoba, jiulize: je, iko nyumba ambayo miguu yangu inaikwepa? Huenda hija yako haijaisha mpaka ubishe hodi pale.

Mungu akubariki.